Maji ya Kuoshea Mawe

Wanawake walikuwa wameshaingia majini hadi magotini Fidélie alipofika bwawani. Kila mmoja alikuwa na mahali pake, karai lake na chekecheo lake, na mchanga mweusi wa madini ulikuwa ukizunguka kama unga wa mama mwenye haraka ya kupika. Hapo ni nje ya Likasi, upande wa Shinkolobwe, mahali ambapo kisheria hachimbi mtu yeyote. Kila asubuhi watu hao wasiokuwepo hupanga foleni na sepetu begani.

Karai la Fidélie lilikuwa limegeuzwa kifudifudi juu ya jiwe. Hakuhitaji kuuliza. Karai likigeuzwa kwenye machimbo hayo, mwenyewe hana kazi mpaka mkuu wa shimo aseme vingine.

"Ni Blaise," alisema Gertrude, rafiki yake aliyeosha mawe kando yake tangu walipokuwa bado na meno yote. "Alipita na asubuhi. Anakungoja kule juu. Minye nilikuletea kuku."

"Kuku ya nini?"

"Kuku mweupe. Utapika magoti pa mulango ya shimo, utasema ulikosa, utamupa kuku, njo basi. Shimo inafunguka, bantu banarudia ku kazi. Weye iko na batoto, Fidélie. Unga ilipanda tena jana. Ni maneno tu."

Fidélie akamtazama kuku. Alikuwa amefungwa miguu kwa kipande cha kitenge, na alionekana mtulivu kuliko wao wawili.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Mwanamke haruhusiwi kukaribia mdomo wa shimo. Akikaribia, wanasema, madini yanakimbia na kuzama chini zaidi. Wanaoamini hivyo ni wanaume wazima, wenye simu mbili na shahada zilizokunjwa mfukoni, nao hawaoni haya. Mwanamke aoshe, apepete, abebe mifuko, auze mikate, lakini pale juu asikanyage. Na juzi Fidélie alikanyaga, na tangu hapo Blaise amelifunga shimo.

Juzi ukuta wa shimo la Blaise uliteremka na kumfunika Hervé hadi kifuani. Wenzake walimchimbua kwa mikono wakamlaza pale mdomoni, na kila aliyemwona kuanzia kiunoni kwenda chini aligeuza uso. Hervé alikuwa kijana mcheshi wa kupita kiasi. Alikuwa akimtania Fidélie kwa sababu aliimba nyimbo za misa huku anaosha mawe. Mara mbili alianza mafundisho ya ubatizo katika parokia ya Fidélie, na mara mbili akaacha, kwa kuwa mafundisho ni Jumamosi mchana, na Jumamosi mchana ndipo mabosi hupima mifuko. Asiyekuwepo hana mfuko. Siku moja alimwambia, mdomo umejaa mkate, "Mama Fidélie, kama shimo inanikamata mbele padri anibatize, weye utanifanyia." Alicheka mwenyewe. Fidélie hakucheka, akasema atamfanyia.

Basi aliposikia kwamba Hervé anakata roho, alipanda. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Alichukua yaliyokuwa ndani ya dumu lake, maji ya kuoshea mawe, meusi, akawapita wanaume waliomzuia kwa mikono nusunusu. Alipiga magoti akamwuliza kama anataka. Hervé hakuweza kusema. Alifumba macho na kuyafumbua, akamshika kidole. Fidélie akammwagia kichwani na kutamka maneno yale ambayo kila Mkristo hufundishwa kwa ajili ya saa mbaya kama ile. Pikipiki ya kumpeleka hospitali ilikuja baadaye, ikampakia maiti.

Fidélie alimwambia Gertrude amfuate na kuku wake, wakapanda.

Kule juu wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya mifuko mitupu, na njaa imewatulia usoni. Shimo likifungwa hawali. Blaise alisimama mbele yao na buti safi. Yeye ni mtu wa kanisa la uamsho, na kila Jumapili hushuhudia namna Bwana alivyompa gari. Pembeni, juu ya jiwe, alikaa Mama Madeleine, mama yake Hervé. Alikuja kuchukua koti na buti za mwanawe kabla ya maziko. Alikuwa anakunja lile koti, analikunjua, analikunja tena.

"Mama Fidélie," alisema Blaise kwa upole. Huyu hana haja ya kupaza sauti. "Bantu banateseka juu ya weye. Pika magoti. Sema: nilikosa kufika hapa. Na sema: ile maji ilikuwa maji tu ya kuosha mawe, haikufanya kintu. Tunamaliza."

Fidélie akapiga magoti. Tusimcheke. Alikuwa na watoto wanne na kodi ya nyumba, na magoti yake yalikuwa yamezoea kokoto.

"Nilikosa kufika hapa," alisema.

"Bon. Na ile maji?"

Hapo Fidélie akaona kwamba Mama Madeleine ameacha kukunja koti. Yule mama hakumtazama Blaise wala shimo. Alikuwa anamtazama yeye, na macho yake yalikuwa yakimwomba kitu kimoja tu. Maisha yake yote alikuwa akilia kwamba Hervé hajabatizwa, kwa sababu baba wa mtoto alihama kila kanisa lililomkemea ulevi. Juzi jioni walipomwambia kwamba amebatizwa, alipiga kigelegele katikati ya kilio, na majirani wakadhani amechanganyikiwa. Sasa alikuwa anangoja kusikia kama anazika mwana wa Mungu au anazika tu mtu aliyeloweshwa kichwa.

"Ile sitasema," alisema Fidélie.

"Aya. Tuulizane kidogo," alisema Blaise. "Weye mwenyewe, komunyo banakupa?"

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Bwana yangu hajanioa ku kanisa. Bantu yote banajua."

"Njo vile. Weye unakaa pa benchi ya nyuma, unatazama benzako banakula. Na Hervé alikuwa mulevi, hakutubu, hakusema hata neno moja. Sasa nguvu ya kuokoa muntu ulipata wapi?"

Wanaume wawili walicheka. Fidélie aliona aibu ikimpanda shingoni, ile aibu ya kila Jumapili anapobaki ameketi wenzake wakienda mbele. Kisha akaona kitu kingine kinapanda nyuma ya ile aibu. Kilikuwa fahari. Hajawahi kuwa nayo, na ilimkaa vizuri.

"Sikuwa na nguvu, Blaise. Ata kidogo. Njo maana inaitwa neema. Kama ilikuwa inangoja muntu safi, Hervé angekufa anangoja, kama vile alingoja pikipiki. Minye nilikuwa na maji muchafu na kinywa yangu. Mungu alipitia pale. Na hakumulomba Hervé kuku. Weye njo unalomba kuku."

Akasimama. Hakuharakisha, alikung'uta kokoto kwenye goti moja, kisha la pili.

"Na ingine. Kila mara hii shimo inaua, kuku mweupe inapatikana siku ileile. Mbao ya kushikilia ukuta, mwaka wa ngapi sasa munatafuta?"

Mchimbaji mmoja alikohoa, mwingine akatazama kamba. Walijua. Wote walijua, na wote walikuwa na watoto.

Blaise hakukasirika, au hakuonyesha. "Karai inabaki hapa," alisema. "Usirudie tena. Ata ku maji, ata kuuzisha mikate. Gertrude, leta kuku."

Gertrude alimtazama rafiki yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kuku alikuwa mkononi mwake, na yeye pia ana watoto. Akampa Blaise kuku. Fidélie alimgusa bega alipompita, kumwambia kwamba ameelewa.

Alimsaidia Mama Madeleine kunyanyuka, akachukua zile buti. Walipokuwa wanateremka walisikia kuku akilia mara moja tu. Baadaye walisikia Blaise akiwaita watu wake kwa majina, na kamba ikianza kusugua mdomo wa shimo. Wanaume walikuwa wanashuka, na hapakuwa na ubao hata mmoja.

Walitembea kando ya barabara. Malori ya madini yaliwapita na kuwaachia vumbi. Fidélie alikuwa anajiuliza jioni atawaambia nini watoto. Karai lile alilinunua kwa jasho la msimu mzima wa mvua. Lakini alitembea kichwa juu, kama anayetoka kwenye harusi yake mwenyewe, na hakuweza kujizuia.

"Utakula nini sasa, mwanangu?" aliuliza Mama Madeleine.

"Sijue, mama."

Wakaenda tena kidogo. Kisha mama akasimama, koti amelibana kifuani.

"Unisemee tena. Vile ulisema pale. Minye sikukuwako."

Fidélie akaweka buti chini, pembeni mwa barabara. Akafuta vumbi mdomoni kwa kiganja. Akasema kwa sauti, tena kwa sauti kubwa, kwa kuwa lori lingine lilikuwa linakuja, "Hervé, minye ninakubatiza kwa jina ya Baba, na ya Mwana, na ya Roho Mutakatifu."

"Amina," alisema Mama Madeleine.

Dereva wa lori aliwapigia honi wasogee. Hawakusogea mpaka yule mama alipomaliza kufanya ishara ya msalaba. Halafu Fidélie akaokota buti, wakaendelea na safari, maana Likasi ilikuwa bado mbali, na msibani walikuwa wanangojewa.