Bawaba Zilizotiwa Grisi

Mshauri aliwaambia wachague viti wenyewe. Mke alichukua kile kinachotazama mlango, kama alivyofanya katika vikao vinne vilivyotangulia. Mumewe, ambaye alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza, alikitikisa kwanza kiti chake kuona kama miguu imelegea, ndipo akakaa. Alikuwa fundi wa matengenezo katika shule moja. Wenzake walimwita Bisibisi, na jina lilimkaa.

Mke alifanya zamu ya usiku katika chumba cha kufulia cha hospitali, akalala mchana. Kwa wiki tano usingizi wake haukuzidi saa mbili. Mumewe akimgusa bega, alishtuka kama aliyeungua. Chanzo cha mbali mume alikijua: akiwa na miaka kumi na tisa, mkewe alibakwa na binamu wa mama yake, mtu aliyekuwa akila mezani kwao. Zaidi ya hapo hakujua, na kila alipouliza walinuniana siku mbili. Sasa begi la nguo lilikuwa limefungwa. Jumamosi mke angehamia kwa dada yake, na alikuwa amemwambia mumewe hivyo wazi.

Mshauri alieleza utaratibu. Hapa halazimishwi mtu kusimulia. Anayeinua kiganja, wengine wananyamaza. Mume alitaka kujua tatizo litaonekanaje bila kusimuliwa. Mshauri akasema wangeanza na nyumba yao ya sasa: ni nini kilibadilika usingizi ulipopotea?

Hakuna, mume alijibu, labda mambo mazuri tu. Alikuwa ameweka mapazia mazito. Redio ya mchana ameiacha. Bawaba za mlango wa chumbani, zilizokuwa zikilia kama mbuzi, amezitia grisi, ili akija nyumbani kula asimwamshe.

"Kazi yangu ni kurekebisha vilivyoharibika, mama," alimwambia mshauri.

"Mimi si bomba la jikoni," mkewe alisema.

Mshauri aliuliza grisi ilitiwa lini. Mume alihesabu wiki kwa vidole, akirudi nyuma hadi wiki ya mitihani ya shule. Vidole vilikuwa vitano.

Mke aliinua kiganja.  Ukumbini mtu alikuwa anaburuta ndoo. Kisha alisema, macho yakiwa mlangoni:

"Mlango wa chumba kile haukuwa na sauti. Nilishtuka ameshaingia."

 Kwa miaka mitatu mume alikuwa ametaka kujua, na sasa alijua, na hapakuwa na kitu cha kushika mkononi.

"Ningejua nisingezigusa."

"Hukujua. Sina hasira na wewe. Nimechoka tu."

Kesho yake mume aliziosha bawaba kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni. Hazikulia. Kama fundi alilitarajia hilo, ila aliona heri ajaribu. Wakapatana jambo jingine: akifika mchana atasema "Ni mimi" akiwa bado sebuleni, na hatagusa kitasa mpaka ajibiwe.

Mke aliisogeza Jumamosi wiki moja mbele. Begi lilibaki limefungwa, chini ya dirisha.

Jumatano ya wiki ya pili mume alisahau. Bomba la choo cha walimu lilikuwa limepasuka tangu asubuhi, na aliingia chumbani akiwa bado analiwaza. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani.

"Leo hujasema."

Alianza kuomba radhi, na ilielekea kuwa ndefu. Mke aliinua kiganja. Basi mume alitoka, akafunga mlango, akarudi hadi sebuleni.

"Ni mimi."

Mke alijibu akiwa kitandani:

"Bado."

Mume alikula chakula kilichopoa, akaosha sahani, akarudi kwenye bomba lake. Mkewe alilala mpaka saa kumi. Alipoamka alimpigia dada yake simu, akamwambia Jumamosi hii pia asimtandikie kitanda. Ya wiki ijayo watazungumza.