Picha ya Kichwa cha Fahmo

Jumanne asubuhi, Fahmo alipokuwa akishusha jerikeni za maziwa ya ngamia kwenye pikapu iliyotoka kijiji cha Kulamawe, mlango wa nyuma ulifunguka ukamgonga kichwani. Aliuza maziwa kwanza, yasije yakachacha. Kisha akaenda kliniki kupigwa picha ya kichwa.

Daktari Kiende aliinua picha ile dirishani. Ndani ya fuvu hamkuwa na kitu.

"Mama, huna ubongo."

"Umemwagika leo?"

"Hapana, haujawahi kuwepo. Huu ni uvimbe tu, utaisha."

"Na mtu anaweza kuishi hivyo?"

"Mti wa mgunga hauna ubongo na unaishi miaka mingi."

"Ngamia je?"

"Ngamia anao."

"Haya, basi mimi ni mgunga," Fahmo alisema, na wote wawili wakacheka. Daktari akamwandikia cheti: hana ubongo, afya njema.

Sokoni hakuna kilichobadilika. Fahmo alionja maziwa kwa ncha ya kidole na kutaja ngamia aliyekamuliwa. Alimsalimia huyu kwa Kiborana na kumjibu yule kwa Kimeru. Kinoti, muuza miraa wa jirani, aliuliza kama kichwa kitupu ni chepesi. Fahmo alimwambia kinasaidia sana wakati wa kubeba jerikeni.

Aliyefurahi zaidi ni Shire, ndugu wa marehemu mume wake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akidai kiwanja ambapo Fahmo alijijengea vyumba viwili, akisema mwanamke hana akili ya kumiliki ardhi. Sasa aliipelekea kamati ya viwanja nakala ya cheti, nayo ikamwita Fahmo.

"Salaam aleikum, mama," alisema mwenyekiti. "Bila ubongo, utaweka sahihi namna gani?"

Fahmo alichukua kalamu, akaandika jina lake lote. Mwenyekiti alisifu mwandiko wake, akawaonyesha wenzake, kisha akakiandika kiwanja kwa jina la Shire.

"Shemeji, kabla ya hii picha ulijuaje?" Fahmo aliuliza.

"Nilijua tu," alisema Shire.

Jioni hiyo Fahmo alilia, akafungasha vyombo, akakodi chumba ng'ambo ya barabara. Mlango wake aliupaka rangi ya kijani, na wateja wakausifu.

Wiki iliyofuata Shire alivuka barabara akiwa na daftari. Mpimaji alikuwa anasubiri kiwanjani, na Shire hakujua mawe ya mpaka yako wapi. Fahmo alimuuzia maziwa kwanza, kisha akavaa ndara na kumwongoza. Jiwe la kwanza lilikuwa chini ya mchongoma, la pili na la tatu kando ya mtaro. La nne, Shire alikuwa amelikanyaga.

"Shemeji, haya yote unayakumbuka kwa kitu gani?" Shire aliuliza.

Fahmo alijipapasa viwiko, halafu magoti.

"Nadhani ni miguu," alisema, akarudi ng'ambo. Watu watatu walikuwa kwenye foleni.