Matundu na Mshono

Mwaka ule Odeta aliuza mitumba Mabatini akiwa amejikunja upande mmoja. Kila alipokula kitu chenye mafuta, maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia yakapanda mpaka begani, na mteja aliyekuwa akibishania bei ya shati akaachwa aondoke nalo kwa bei yoyote. Alimeza dawa za vidonda vya tumbo mpaka akazichoka. Mwishowe akaenda kwenye hospitali moja ya watu binafsi, kati ya zile zilizoanza kuchipuka mjini Mwanza milango ya biashara ilipofunguliwa. Wakampima tumbo kwa mashine yenye kioo, na Daktari Jitesh akamwambia ana mawe kwenye mfuko wa nyongo.

"Mawe?" Odeta akauliza. "Nimeyala wapi?"

"Hukuyala, mama. Yanajitengeneza humo humo. Inabidi tuutoe mfuko wenyewe."

Akamweleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni ile ya siku zote: tumbo linapasuliwa, mfuko unatolewa, mgonjwa anashonwa. Ya pili ilikuwa mpya, na mtambo wake ndio kwanza umefika. Wanatoboa matundu madogo, wanajaza hewa tumboni ili wapate nafasi, wanaingiza kamera nyembamba kama kalamu, halafu wanafanya kazi huku wakiangalia televisheni. Mgonjwa wa njia hiyo hupona upesi.

"Ila nisikilize vizuri," daktari akaongeza. "Tukikuta kwa matundu hapapitiki, tutafungua kwa njia ya zamani hapo hapo. Umenielewa?"

"Nimeelewa," Odeta akajibu. Akili yake ilikuwa bado imebaki kwenye televisheni.

Televisheni zilikuwa ndiyo zinaingia mjini. Baa moja karibu na meza yake ya mitumba ilikuwa nayo, na watu walijaa mpaka barabarani kuangalia mpira. Odeta akawaona watu hao hao, chupa mkononi, wakilikodolea macho tumbo lake. Nyumbani hakuthubutu kulitaja hilo. Alisema tu habari ya kamera na matundu.

"Jiwe litapitaje kwenye tundu, wifi?" Kija akashangaa. Kija alikuwa dada wa mumewe, aliyevuka kutoka Sengerema kuja kumwuguza. "Au watalisaga humo humo?"

"Bora upasuliwe tujue moja," akasema Luhaga, mume wake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kivuko cha Kamanga. "Kovu likionekana, tunajua kazi imefanyika."

Kesho yake Luhaga huyo huyo akarudi na maneno mengine. Abiria mmoja amemwambia kwamba kupasuliwa ni mambo ya zamani, siku hizi ni matundu. Odeta akamtazama mumewe, akamtazama wifi yake, akaona kichwa kinamzidi tumbo kwa kuuma.

Akarudi kwa daktari.

"Daktari, hiyo televisheni," akasema kwa sauti ya chini, "watu wa baa wataniona?"

Nesi aliyekuwa dirishani akageuka upesi kuficha kicheko. Daktari Jitesh hakucheka.

"Hapana, mama. Ile haitoki nje ya chumba cha upasuaji. Ni macho yetu tu."

Odeta akashusha pumzi. "Basi nitoboeni."

Alipozinduka baada ya upasuaji, mdomo ulikuwa mkavu na tumbo linawaka moto. Akapapasa. Vidole vikakuta plasta ndogo karibu na kitovu, kisha nyingine. Akafurahi. Vikasogea juu kidogo, vikakutana na bandeji nene iliyolala chini ya mbavu, ndefu kama kiganja.

"Kija," akaita, "nimepasuliwa mara ngapi?"

Kija akafunua shuka, akatazama, akalirudisha. "Wifi, naona kama walikuwa watu wawili. Mmoja alitoboa, mwingine akapasua."

Luhaga alipofika hakusalimia hata nesi. "Mke wangu alichagua matundu! Huu mshono ni wa nani? Mmemfanya wa majaribio?"

Daktari Jitesh akaitwa. Akavuta kiti, akaketi karibu na kitanda.

"Mama, tuliingia kwa matundu kama ulivyotaka. Tukakuta mfuko umegandamana na utumbo kwa sababu umeugua muda mrefu. Kuubandua kwa vile vyuma virefu kungeweza kuutoboa utumbo. Ndiyo maana tukafungua. Mfuko umetoka na mawe yake yote."

"Lakini nilichagua," Odeta akasema. Machozi yakamtoka, na hakujua kama ni ya hasira au ya kidonda.

"Ulichagua tuanzie wapi, mama. Pa kuishia hapakuwa mikononi mwako, wala mwangu. Nilikwambia siku ile ya kwanza."

Odeta akakumbuka midomo ya daktari ikicheza, na ile baa imejaa watu kichwani mwake. Maneno yenyewe hakuyapata.

Jirani yake wa kitanda, mama wa Buzuruga aliyefanyiwa kwa matundu tu, akaenda nyumbani mapema, anatembea wima. Odeta akabaki wodini, akikohoa huku amekumbatia mto ili mshono usimvute. "Mimi nilikosea nini?" akamwuliza nesi. Nesi akasema hakukosea kitu, matumbo hayafanani. Jibu hilo halikumtosha, ila hakupata jingine.

Alipona, polepole. Maumivu yale ya zamani hayakurudi, na Luhaga akaenda mwenyewe kumwomba daktari radhi. Lakini mezani kwake Mabatini watu waliendelea kumwuliza alifanyiwa kwa njia ipi. Akiwa na haraka, husema alipasuliwa. Akiwa na nafasi, huanzia kwenye matundu, akaja kwenye mshono, akarudi tena kwenye matundu, mpaka aliyeuliza akaondoka na nguo ambayo hakuja kuinunua.