Kofi la Jini na Mkono wa Nasri

Neno lenyewe Mwanamkasi alilisikia msibani, wanawake wakipembua mchele: mtu aliyepigwa kofi na jini, mdomo ukapinda, akichomwa sindano, magharibi haimkuti. Alilicheka. Lakini likamganda kama mwiba wa samaki kooni, umeze tonge utakalo, haushuki.

Alhamisi asubuhi mwanawe Nasri, fundi cherehani hapo Mwera, alikuwa akikata kanzu. Mkasi ukamponyoka. Mdomo ukaenda upande, maneno yakamtoka kama ya mlevi. Mama hajapata hata mtandio, mambo yakarudi sawa.

"Mkono ulikufa ganzi tu, mama," Nasri akacheka, akaokota mkasi.

"Ganzi gani ya mdomo? Twende zahanati."

Jirani yao Mwamvua keshafika, hodi hakupiga, kasimama mlangoni mikono kiunoni. "Zahanati? Wakamchome sindano? Basi shoga, pitia na sanda kabisa."

Ule mwiba ukamchoma Mwanamkasi. Akaitwa Mwinyijuma, mganga mwenye kilemba kikubwa kuliko elimu yake. Alimkuta Nasri anakula chapati, mzima, akatangaza kwamba jini kakimbia aliposikia nyayo zake. Mganga hodari huyo, anaponya waliokwisha kupona! Akaandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, akaliosha kwa marashi, akaagiza linywewe siku saba na mgonjwa asitoke nje.

Mwanamkasi akatii. Hilo hajisamehe.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, mdomo ukaenda upande tena, na safari hii haukurudi. Mkono wa kulia ukaning'inia kama mkono wa kanzu isiyo na mtu. Mwinyijuma, aliyekuja kumnywesha dawa ya siku hiyo, akamwinua kichwa, akammiminia kombe. Nasri akapaliwa, macho yakamtoka.

Mwanamkasi akampokonya sahani. Hakuitupa, aliiweka juu ya kabati, taratibu. "Maneno ya Mungu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu na wewe. Toka!"

Bajaji mpaka zahanati, gari la wagonjwa mpaka Tanga mjini. Daktari Ruthi akapima presha: mia na tisini kwa mia na kumi.

"Ilianza lini, mama?"

"Alhamisi. Ikapona yenyewe."

"Haikupona. Mshipa wa kichwani uliziba, ukazibuka. Hicho ni kiharusi cha kupita, na kinaweza kurudi kikubwa siku mbili tatu tu baadaye. Mngekuja Alhamisi, tungekuwa na la kufanya."

Sindano walimchoma, tena si moja. Magharibi ikamkuta, na ya kesho yake pia.

Baadaye, siku ya kliniki ya presha, Mwanamkasi alimleta Nasri, mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Benchi la mbele kaketi nani? Mwamvua, na daftari la kliniki lililochakaa kwa miaka.

"Na wewe, mwenzangu?"

"Ah, yangu mimi si ya jini," Mwamvua akasema bila hata chembe ya haya. "Yangu ya hospitali."

Mwanamkasi akampita, akamkalisha Nasri benchi la nyuma. Uchafu njiani haujibizwi, hurukwa.

Aliporudi nyumbani akachukua karatasi, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa kubwa za darasa la saba. Akaibandika ukutani juu ya cherehani, maana mkono ule wa Nasri mpaka leo haushiki hata uzi, na wateja wanaokuja kuuliza kanzu zao angalau wasome:

YA KUEPUKA

Usiseme imepita. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, hata dakika tano, hospitali saa ile ile.

Usimtie kitu mdomoni. Si kombe, si uji, si maji.

Usimfungie ndani siku saba.

Usingoje kuumwa ndipo upime presha.

Usiache vidonge kwa kuwa umejisikia nafuu.

Usimuulize Mwamvua.

Usiogope sindano.