Gato la Président

Noella alifungua mlango wa tanuri kuchungulia, na gato, keki yake, likashuka katikati mbele ya macho yake kama kitanda kilichokatika kamba. Upande wa nyuma lilikuwa limeungua, mbele lilikuwa bichi. Mumewe Herménégilde alilichoma kidole, akakilamba, akasema tanuri halina kosa: limetoka Dubai, likapitia Bujumbura, na vijana walilibeba kichwani toka mpakani.

"Kosa iko kwa mikono," alisema.

Herménégilde alikuwa rais wa komite ya waathirika wa mafuriko, ingawa maji hayakulowesha hata sandali zake. Mwaka ule mto ulipoteremka na mawe, watu na nyumba, misaada ililetwa: mabati, saruji, misumari. Yeye ndiye aliyepokea kwa niaba ya wengine. Alipomaliza kupokea, alikuwa na nyumba mpya pale mtaa wa Songo, imepigwa plasta na kuzungushiwa ukuta, kwenye kiwanja ambacho mto uliacha bila mwenyewe. Tangu hapo alipenda kuitwa Président, na mkewe naye alimwita hivyo palipokuwa na wageni.

Jumapili alitarajia kupokea wageni, komite nzima pamoja na pasta, wamshukuru Mungu kwa kazi nzuri. Alitaka gato litoke kwenye tanuri lake.

Alasiri hiyohiyo Pudentienne aliingia jikoni. Alikuwa amekufa katika mafuriko yale. Kabla ya hapo alikuwa na nyumba kwenye kiwanja hichohicho, na tanuri la udongo lililolisha mkate wapagazi wa bandari ya Kalundu. Maji na mchanga vilimdondoka kwenye kitenge. Noella alimtandikia gunia ili asichafue saruji.

"Karibu, Mama Irankunda."

"Asante, mwanangu. Niko nasikia harufu ya kuungua toka kule mtoni. Inanichokesha."

Pudentienne aliingiza mkono ndani ya tanuri, akautuliza humo kama anayempima mtoto homa.

"Moto yote iko nyuma," alisema. "Tena weye unaingiza gato wakati hii fure, tanuri yako, ikingali baridi. Acha ipate moto kwanza, moto ya kweli. Usiamini ile taa nyekundu, ile ni muongo. Na jioni watu wote wakiwasha, kurani ya umeme inaanguka, na gato inaanguka nayo. Tia matofali chini. Tofali haisahau moto haraka."

Noella alimuuliza atapata wapi matofali yaliyozoea moto. Pudentienne alimwonyesha kwa kidevu, kupitia dirishani, chini ya ukuta wa uani.

"Zile za msingi wa tanuri yangu."

Noella alikwenda kuyachimbua. Siku zote alijua ni ya nani. Alichokuwa hajawahi kufanya ni kuyashika. Aliyaosha, akayapanga chini ya tanuri, akasubiri hadi joto likampiga usoni. Gato lilipoingia, mkono wake ulienda mlangoni wenyewe.

"Acha!" Pudentienne alimkemea. "Unachungulia sababu ya woga. Utaigeuza, nyuma ije mbele, wakati uso wake umeshakauka, si kabla."

Gato lilitoka limenyooka, rangi moja kote. Noella alilia kidogo kwa furaha, kisha akaona aibu, kwa sababu mgeni wake hakuwa akilitazama gato.

"Irankunda wangu analala chini ya turubai kule kambini," Pudentienne alisema. "Ambia bwana yako amurudishie parseli, hiki kiwanja."

Kesho yake asubuhi, mumewe akinyoa ndevu, Noella alimwambia.

"Mufu hana parseli," Herménégilde alijibu, akajikagua shavu kwenye kioo. "Muulize kama anajua na ya chokoleti."

Jumapili wageni walikaa sebuleni, wakala, wakafumba macho kwa utamu. Pudentienne aliingia bila kuitwa, akasimama kando ya meza, akichuruzika.

"Hapa munaikaa ni kwangu," alisema. "Na mabati yenye iko juu ya vichwa vyenu yalikuwa ya mutoto wangu."

Wageni walimeza. Pasta Evariste alijifuta midomo.

"Tunamukumbuka huyu mama," alisema. "Mukate yake ilikuwa muzuri sana."

Mweka hazina, Jean-Berchmans, alimuuliza siri ya ulaini ule. Pudentienne, ambaye katika uhai wake hakuwahi kumnyima mtu jibu juu ya mkate, alimjibu. Hapo ndipo walimsikiliza kweli. Mmoja alimwomba arudie pale pa matofali.

"Na parseli?" Noella aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Mama, ongeza chai," Herménégilde alisema.

Noella aliongeza chai. Aliwachukia wote, mmoja baada ya mwingine, akizunguka na birika. Na kila mmoja alipolisifia gato, moyo wa Noella uliitikia asante kabla hajauzuia.

Kabla ya kuondoka, komite ilimchagua tena Herménégilde kwa makofi, na Pudentienne ikamfanya mshauri wa heshima. Irankunda aliitwa kutoka kambini. Rais alimkabidhi kipande cha gato mbele ya simu za picha. Msichana alikula amesimama.

"Ni mukono ya mama," alisema. Kisha akauliza habari za kiwanja. Aliambiwa komite italitazama jambo hilo, na pasta akafunga kwa sala.

Mama na mwana walitoka pamoja hadi getini. Pale waliachana, mmoja akaelekea kambini, mwingine mtoni.

Siku iliyofuata Herménégilde alipigilia kibao cha biashara juu ya geti, kwa rangi ya buluu: HAPA GATO LA PRÉSIDENT. Alasiri Pudentienne alipita chini ya kibao hicho, akaingia jikoni, akauliza kama tanuri limeshapata moto.

Noella alisema limeshapata.