Programu Iliyokataa Ng'ombe

Kwa miezi minne Mulei aliandika programu ya kusajili mifugo wanaochanjwa, na kwa miezi hiyo minne hakuna jirani yake pale Kathonzweni aliyepumzika kusikia sifa zake. Alichojivunia zaidi ni kwamba programu yake haikubali makosa. Ukibonyeza kitufe kisicho cha herufi, tarakimu au nafasi, inakunyamazia.

Siku ya kuizindua huko Nuu alisimama nyuma ya Mbithe, karani wa chanjo, mikono kifuani kama daktari bingwa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Roble, mchuuzi wa mifugo. Mbithe aliandika jina lake vizuri, akafika penye aina ya mnyama. Akabonyeza n, akabonyeza g, kisha kile kialama kinachokaa juu baada ya g. Kimya.

"Inakataa," Mbithe akasema.

"Bonyeza tena, Mama."

Alibonyeza. Mulei naye akapenyeza kidole chake, kana kwamba kompyuta ingemtambua mwenyewe. Kimya.

"Basi andika bila hicho," akasema kwa sauti ya chini.

Mbithe aliandika kwa shingo upande, kidole kikateleza, ikatokea "ngomve". Akabonyeza kitufe cha kufuta. Akakibonyeza tena na tena. Neno halikutikisika.

Roble aliinama akasoma. "Kwa hivyo mimi nina ngomve kumi na wanane?"

Foleni nzima ilicheka, na Mulei akahisi masikio yakiwaka. Sasa alielewa. Alipofungia nje kila kitufe kisicho cha herufi wala tarakimu, alikuwa amekifungia nje kitufe cha kufuta pia. Programu ilikataa makosa kwa kuyafanya yasifutike. Na asingejua, maana kwa miezi minne alikuwa akiijaribu kwa neno moja tu, mbuzi. Herufi tano. Hakuwahi kukosea hata mara moja, na kila mara alijipongeza.

"Mimi ndiye nimekosea," akawaambia. "Nimetengeneza daftari la mifugo lisilojua ng'ombe."

Mbithe alichukua kalamu na daftari la zamani, akaendelea kuandika. Mulei aliketi kando na kompyuta, akaongeza vile vitufe viwili kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Kazi ya mistari miwili. Ile ya kujitapa ilikuwa imechukua muda mrefu zaidi.

Aliporudi mezani, Roble alikuwa ameshaondoka na cheti cha mkono.

"Mume wangu anaitwa King'ola," Mbithe akasema. "Acha nianze na yeye."

King'ola akakubalika. Akafutwa, akaandikwa upya. Mulei alitaka kujipongeza, lakini safari hii akajizuia.

"Tafadhali, Mama, bonyeza kila kitufe kilichopo hapo. Hata usichokijua."

Mbithe alianza pembeni juu, kimoja kimoja, bila haraka. Cha saba kikaifunga programu nzima. Mulei akavuta kiti karibu, akaomba aletewe chai.