Godoro Sebuleni

Redio yangu ilianza kiburi mwezi wa pili, wiki ileile tuliyopeleka korosho kwenye chama cha ushirika. Kabla ya hapo ilisema vizuri, kila neno mahali pake. Sasa msomaji wa habari alinguruma utadhani ametumbukia ndani ya pipa. Nilibadilisha betri, haikusaidia. Nikaipeleka kwa fundi Mtwara mjini, akaifungua, akaisikiliza pale dukani kwake, akaniambia haina ugonjwa wowote. Nilirudi nayo kijijini nimenuna, maana kwake kweli ilisema vizuri.

Wakati mwingine ningeiacha ingurume mpaka ichoke. Lakini Mwalimu Rozalia, aliyetoka Songea kuja kufundisha shule yetu, alikuwa amepata habari: nyimbo ambazo watu wa redio walizirekodi kijijini kwetu mwaka jana zingetangazwa Jumamosi alasiri. Wimbo mmoja ulianzwa na mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, peke yake, kabla wenzake hawajaitikia. Bi Mwanakombo tulimzika mwezi wa Ramadhani, na mke wangu Zainabu hakuwa na hata picha moja ya mama yake.

"Baba Salma," aliniambia, "nikisikia ngurumo tu nisimsikie mama, redio hiyo nisiione tena humu ndani."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Kusikilizia nje hakukuwezekana, upepo wa baharini unachukua nusu ya maneno. Na nyumba yenyewe sikuishuku hata kidogo. Tangu tulipohamia kijiji cha ujamaa, yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kupigwa plasta ndani, sakafu ya saruji, mabati juu. Redio niliipa mahali pa heshima, konani juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma mpaka usoni kama bibi harusi. Nilitaka ikose nini tena?

Kisha nikajiuliza swali la kijinga: sebuleni kulikuwa na nini wakati ule redio inasema vizuri? Kulikuwa na magunia ya korosho, yamepangwa ukuta mzima, tukilalamika kila siku kwamba yanatubana. Nikasimama katikati ya sebule tupu, nikapiga kofi. Likarudi, likarudi tena, ndipo likanyamaza. Nikaingia chumbani, nikapiga jingine. Likafa palepale.

Zainabu akaja kuuliza nampigia nani makofi.

"Njoo usikie," nikamwambia.

Tukazunguka nyumba nzima tukipiga makofi. Kwenye kuta tupu yalirudi. Chumbani, penye godoro la sufi na nguo zilizotundikwa kwenye kamba, yalimezwa. Zainabu alijaribu hata kupiga kofi kichwa kikiwa ndani ya kabati la nguo. Tulicheka, na tangu msiba hatukuwa tumecheka hivyo. Nilifurahi sana.

Tukaigeukia redio. Kuondoa kitambaa kulifanya maneno yasikike wazi zaidi. Kuishusha kutoka konani kulipunguza ngurumo. Tukairudisha tuhakikishe, ikanguruma upya. Mwishoni tuliiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, mbali kidogo na ukuta, uso wake ukielekea wasikilizaji. Tukatundika mikeka ukuta wa mbele yake, lakini mikeka ni myembamba, kofi bado lilirudi. Dawa iliyobaki tuliijua wote wawili.

"Godoro haliendi sebuleni," Zainabu akasema. "Watu waje kukaa mbele ya godoro tunalolalia? Watanisema mpaka Msimbati."

"Basi wasikilize ngurumo," nikamjibu, nikatoka nimekasirika.

Jumamosi, nilipotoka sala ya adhuhuri, nilikuta godoro limesimama ukutani mkabala na redio. Juu yake zimetandazwa kanga za Bi Mwanakombo, zimeshonwa pamoja, hakionekani hata kipande cha kitambaa cha godoro. Nikapiga kofi. Halikurudi.

"Hizi ni kanga za mama," Zainabu akasema. "Nani atathubutu kuuliza nyuma yake kuna nini?"

Hakuuliza mtu. Alasiri sebule ilijaa, na kila aliyeketi alizidi kuituliza sauti. Watu nao ni magunia mazuri. Mwalimu Rozalia alikaa karibu na mlango, akautazama ukuta ule kwa muda, akageuza macho kwa adabu.

Mtangazaji alitaja kijiji chetu. Kisha sauti ya Bi Mwanakombo ikaja pale kwenye kinu, yeye mwenyewe, na ule mtindo wake wa kuliburuta neno la mwisho. Zainabu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono mdomoni. Waimbaji wengine wakaitikia, ngoma ikaingia, wimbo ukaenda mpaka ukaisha.

Mtangazaji hajarudi, tukasikia mtu akihema. Halafu Bi Mwanakombo akasema kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayakuwa ya redio: "Nipe maji, mwanangu."

Zainabu alikuwa ameshainuka. Alifika kwenye mtungi, akafunua, akachota, akageuka na kata mkononi, imejaa. Hapo ndipo akatuona, sote tukimwangalia.

Kisha akayanywa yale maji mwenyewe, polepole, mpaka yakaisha.